Mgongo wa Kijani Katika Msitu wa Karura

Jumapili moja ya Oktoba 2018, mvua za vuli zikiwa ndiyo kwanza zimeanza, nilimpeleka mama yangu matembezi katika Msitu wa Karura. Yeye alitaka kuyaona tena maporomoko ya mto. Mimi nilikuwa na hamu nyingine moyoni. Kwa miaka mitatu nilikuwa nimemtafuta ndege aitwaye trogoni wa Narina katika misitu ya Nairobi, na nilichokuwa nimepata ni sauti yake tu.

Mtu hudhani kwamba ndege mwenye rangi kali haifichi sura yake. Shorobo, kwa mfano, nilikuwa nimemwona mara nyingi pale City Park, kwa kuwa hukimbia juu ya matawi kwa kelele, na akiruka mabawa yake mekundu huonekana wazi. Trogoni ana tabia nyingine kabisa. Dume lake ni jekundu kama damu kuanzia kifuani kwenda chini, lakini kichwa, koo na mgongo ni vya kijani kinachong'aa, na anapohisi kuna mtu hukaa wima juu ya tawi, akatulia tuli, huku amempa mtu huyo mgongo. Mbele ya majani, mgongo huo hauonekani hata kwa anayeutazama.

Kosa langu la miaka yote hiyo lilikuwa kuifuata sauti. Kila nilipoisikia niliacha njia na kujitosa vichakani, kamera ikiwa shingoni, na kabla sijapiga hatua ishirini msitu ulikuwa umenyamaza.

Siku hiyo tulikuwa tumeyapita maporomoko tuliposikia mlio mzito, wa chinichini, kutoka ng'ambo ya njia. Nilikwisha kuinua mguu mama aliponishika mkono.

“Huyo si njiwa,” alisema kwa sauti ndogo. “Sikiliza, analia mara mbili mbili, na kila mara anaongeza nguvu. Tulipokuwa wasichana tukiokota kuni humu tulimsikia kila tulipotua mizigo. Keti, mwanangu. Ukimfuata ataondoka.”

Tuliketi juu ya gogo lenye unyevu. Kundi la kima lilipita juu yetu likitikisa matone ya mvua, kisha kukawa kimya, na mlio ukaanza tena. Sikuondoka. Nilianza kutazama tawi moja baada ya jingine, polepole, hadi macho yangu yalipofika kwenye tawi la mukinduri lililokuwa limevuka njia, ambapo jani moja kubwa liligeuza kichwa.

Alikuwa karibu nasi kuliko nilivyowahi kuthubutu kutumaini, na bila shaka alikuwa hapo tangu tulipofika. Aligeuka taratibu juu ya tawi, na wekundu wa tumbo lake ukajitokeza wote kwa mara moja, hata nikasahau kupumua. Kwa darubini niliona mdomo wake wa manjano, na bawa lake la kijivu lenye mistari myembamba kana kwamba limechorwa kwa kalamu ya risasi. Alipolia, mdomo haukufunguka sana. Koo ndilo lililovimba, manyoya yakaachana, na ngozi tupu ya rangi ya samawati ikaonekana kati yake. Kisha aliruka ghafla, akaelea kitambo mbele ya jani, akachomoa kiwavi na kurudi palepale.

Nilimpa mama darubini. Aliizungusha gurudumu lake kwa subira, na alipompata ndege hakusema neno kwa muda mrefu.

Baadaye nilimweleza kwamba ndege huyu hutaga katika tundu la mti, na kwa kuwa mdomo wake hauwezi kutoboa mti mzima, hutegemea miti mikongwe iliyooza, ambayo haipatikani katika mashamba ya mikaratusi iliyopandwa kwa mistari. Mama alitazama mashina yaliyotuzunguka. Alikumbuka Januari 1999, Wangari Maathai na wenzake walipopigwa hadi kutoka damu kwa sababu ya kwenda kupanda miti katika msitu huu, wakati ardhi yake ilipokuwa ikigawiwa wajenzi.

“Wangeshindwa,” alisema, “hapa tulipoketi pangekuwa sebule ya mtu.”

Akauliza jina la ndege lina maana gani. Nilimwambia kwamba msafiri Mfaransa, Levaillant, alimpa jina la mwanamke wa Kikhoikhoi aliyekutana naye Afrika Kusini katika karne ya 18. Mama alilirudia jina hilo mara mbili, taratibu: “Narina, Narina.” Trogoni akaruka, manyoya meupe ya chini ya mkia wake yakamulika mara moja kati ya mashina, na baada ya muda tukamsikia akilia kutoka upande wa mto.