Reli za feri: banisha kwanza, kanyaga baadaye

Anayetengeneza mfano wa feri ya Likoni kwa kipimo cha 1:100 hasumbuliwi sana na umbo la chombo. Kazi iko kwenye reli za pembeni: vinguzo vya waya ya brasi ya milimita 0.5, urefu milimita 10, kimoja kila baada ya milimita 15, na waya tatu za milimita 0.3 zikivipitia. Kwa chuma cha kawaida cha kulehemia, ukiunga kiungo cha tatu, cha pili kinaachia. Joto hutambaa kwenye waya na kufika kwa jirani.

Kifaa cha kulehemia kwa ukinzani, yaani kinachopitisha umeme kwenye kiungo chenyewe ili kipate joto, huzalisha joto mahali pa kiungo tu. Transfoma inashusha volti 240 za ukutani hadi 2 mpaka 6, na mkondo unapanda kufikia makumi ya ampea. Ncha zake ni za kaboni, ambayo hupitisha umeme kwa shida kuliko shaba, kwa hiyo joto linazuka pale pale inapogusa. Wati 100 zinatosha kabisa. Mashine ya wati 250 ni ya vipande vinene. Waya ya 0.3 itakatika kabla hujainua mguu kwenye swichi ya kukanyaga inayowasha mkondo.

Kwa reli hizi chagua kibano cha ncha mbili. Wengi huanza na ncha moja na kibanio cha kurudishia umeme, lakini hapo mkondo unasafiri kwenye kazi nzima hadi kwenye kibanio, na popote mguso ulipo dhaifu ndipo panapowaka. Kwa kibano, umeme unaingia upande huu wa kiungo na kutoka upande wa pili. Ukikosa fimbo za kaboni, vunja betri kubwa ya tochi, ile ya zinki na kaboni (ya alkali haina fimbo ndani). Fimbo yake huwa na nta, basi itatoa moshi mara ya kwanza. Ichonge kwa msasa.

Lehemu iwe ya bati 63 na risasi 37. Hiyo huyeyuka na kuganda papo hapo kwenye nyuzi 183, wakati 60/40 hupitia hali ya uji kwanza, na waya ikitikisika katika uji huo kiungo huwa na nyufa. Igonge iwe bapa, ikate vipande vya nusu milimita, kisha uviokote kwa ncha ya brashi iliyochovywa kwenye dawa ya kulehemia (flaksi) ya asidi ya fosforiki.

Laza waya kwenye mifereji uliyochonga katika kipande cha mbao. Weka dawa na kipande cha lehemu, bana kiungo, ndipo ukanyage. Lehemu ikimetameta na kukimbia, inua mguu, lakini mkono ubaki umebana sekunde 2 au 3. Ukikanyaga kabla ya kubana, au ukiachia mkono kabla ya mguu, cheche inaruka na kuchimba brasi, na kishimo hicho kitaonekana hata chini ya rangi.

Isipokimbia ndani ya sekunde 2, acha. Tatizo si joto, ni uchafu. Ukiendelea, dawa inaungua nyeusi na lehemu inajikunja kuwa shanga. Hapa Mombasa chumvi ya hewani huifubaza brasi upesi, kwa hiyo iliyosuguliwa jana isuguliwe tena leo. Feni nayo hupeperusha vipande vya lehemu: igeuze iangalie dirishani, ivute moshi nje.

Nanga zilizosubuliwa kwa aloi ya bati na risasi usizisogezee kibano hiki, zitayeyuka zote. Zibandike kwa gundi ya epoksi.

Siku hiyo hiyo osha reli kwa maji ya moto, brashi laini na soda ya kuokea, suuza, kausha. Asidi ikilala usiku mmoja katika unyevu huu, asubuhi viungo vina kutu ya kijani.