Kidonge cha Jumatatu

Mama mkubwa alikuwa na jibu moja kwa kila mwenye koti jeupe: "Yes." Akiulizwa kama ameelewa, yes, na kichwa anakitikisa kwa adabu zote. Alitoka Fizi, mashariki mwa Kongo, akakaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka mingi, na kote huko alizoea kwamba anayekuhudumia hasumbuliwi kwa maswali.

Hapa Portland, Oregon, aliyekuwa akimtafsiria ni mjukuu wake wa darasa la tano. Kiingereza cha shule anacho, lakini mpe habari za mifupa ya bibi yake uone atakavyokodoa macho. Kanuni za serikali kuu ya Marekani zinayakataza maduka ya dawa yanayopokea fedha zake kumtegemea mtoto kama mkalimani, isipokuwa kwa dharura. Mtoto hutumika tu. Ndiye aliye karibu.

Mwaka 2021 nilimsindikiza mimi, kufuata tena alendronate, dawa ya mifupa inayomezwa mara moja kwa wiki. Sheria ya Oregon ilikuwa ndiyo kwanza imeanza kuyataka maduka yaandike maelekezo kwa lugha ya mgonjwa akiomba, na Kiswahili kimo katika orodha ya lugha 14. Nikaomba. Nikaomba na mkalimani wa simu. Foleni nyuma yetu ikaanza kuguna, nikaiacha igune.

Simu ikawekwa spika juu ya kaunta. "Shikamoo mama," ikasema sauti yenye lafudhi ya Mombasa.

"Marahaba!" Duka zima lilisikia.

Mfamasia, binti mdogo tu, hakuuliza kama ameelewa. Alimwomba aeleze mwenyewe anavyoimeza.

"Nakunywaga na chai ya maziwa, kisha najilaza kidogo."

Lo! Dawa ile humezwa asubuhi, tumbo likiwa tupu, kwa glasi nzima ya maji matupu, na mtu akae wima nusu saa isije ikamchoma koo. Maziwa nayo huizuia isiingie mwilini. Kumbe miezi yote ile kidonge kilikuwa kikipotelea kwenye chai.

Alipoelezwa, yes ikaisha. Nikisahau je? Na ile ya presha, nimeze pamoja? Kwa nini hamkusema mapema? Hilo la mwisho mkalimani alilitafsiri bila kulipunguza makali, nikampenda.

Ikabaki kuchagua siku. Mfamasia akapendekeza Jumapili.

"Hapana. Kanisani siendi bila chai."

Wakapatana Jumatatu.