Fundo la kanga na mwanzo wa filamu yetu

Wiki ya tatu hii nalala na kuamka na dakika moja na ushee, yaani mwanzo wa filamu yetu ya chuo. Filamu nzima ni dakika 12 lakini hako kamwanzo kamekula muda kuliko zilizobaki zote. Inamhusu Zuhura, binti wa Kigamboni, mama yake anauza samaki wa kukaanga, sasa mama kaumwa ghafla na binti inabidi avuke na panton, yaani kivuko, alfajiri aende mnadani Feri kununua samaki kwa mara ya kwanza maishani mwake. Hadithi ndo hiyo tu.

Vesheni ya kwanza zilikuwa zinapita dakika 2 na sekunde 50 kabla hujamwona Zuhura akifanya chochote. Ilianza na jua linachomoza nyuma ya Kigamboni, tulisimama upande wa Feri tukapiga picha moja kila sekunde 5 kwa dakika 40, zikawa picha 480, ukiziunganisha kwa fremu 25 kwa sekunde unapata sekunde 19 na kidogo. (Droni hatukuifikiria hata, pale Magogoni Ikulu iko jirani kabisa.) Baada ya jua yanakuja magorofa, kunguru, mitumbwi, halafu sauti ya binti inajitambulisha, naitwa Zuhura, nina miaka 19, mama yangu anaumwa. Mwalimu wetu aliangalia mpaka mwisho akasema, "Umenionesha Dar es Salaam, hujanionesha mtu." Hakuongeza neno.

Iliniuma aisee, maana lile jua tuliliamkia saa tisa usiku, mwenzetu mmoja alitembea kutoka kwao na stendi ya kamera begani. Ila mtazamaji hajui kama umeamka saa tisa, anachojua ni kwamba sekunde 19 zimepita na bado hajui amwangalie nani.

Nikarudi kwenye klipu zote, hata zile tulizoziita takataka. Kwenye faili la mwisho la siku ya pili nikakuta kitu. Dada anayeigiza Zuhura alikuwa anasubiri tupange taa, kafungiwa hela kwenye pindo la kanga kama mama yake anavyofunga, na akajaribu kulifungua lile fundo ili aone kama atalimudu tukianza kupiga. Linamshinda. Anatumia kucha, anatumia meno, anageuza pindo upande wa pili, vidole vinatetemeka kidogo kwa baridi ya upepo wa bahari, na mpiga kamera wetu kwa bahati alikuwa ameshaanza kurekodi. Sekunde 11. Nililia kidogo, sioni aibu kusema. Kila kitu kimo mle: kanga si yake, fundo kalifunga mwingine, hela za mtaji zimo ndani na yeye hajui hata pa kuanzia. Ile sauti ya naitwa Zuhura nikaifuta yote siku hiyohiyo.

Kuna kitu tulifundishwa cha yule Mrusi, Lev Kuleshov, miaka mia moja na zaidi iliyopita alichukua uso mmoja wa mwigizaji akaupachika mara na sahani ya supu, mara na jeneza, na watu wakaona njaa, wakaona huzuni, wakati uso ni uleule. Darasani nilikiandika nikakiacha kwenye daftari. Sasa tuna shoti ya Zuhura anaangalia maji, sekunde 4 tu. Ukiiweka baada ya jua, anaonekana msichana anaota ndoto za maisha mazuri. Nikaihamisha nikaiweka baada ya fundo, palepale ikawa hofu. Sikugusa rangi wala chochote.

Shida iliyofuata ilikuwa uelekeo. Shoti nyingine tulipiga wakati wa kwenda, nyingine wakati wa kurudi, kwa hiyo kwenye taimlaini, pale ninapozipanga shoti kwenye kompyuta, panton inaenda kulia halafu ghafla inaenda kushoto, mtu anadhani binti kaghairi anarudi nyumbani. Nikajaribu kuigeuza ile shoti kama kioo, ikakaa vizuri mpaka nilipoona maandishi ya ukutani yanasomeka kinyumenyume. Mwisho nikapachika katikati yake uso wa Zuhura uliopigwa kwa mbele kabisa, haelekei kulia wala kushoto, na jicho la mtazamaji likasahau.

Sauti ndo nimeihangaikia zaidi, na naamini ndo iliyobeba kazi. Sasa tunaanza gizani, skrini nyeusi sekunde 3, unasikia minyororo ya lango la panton na chuma kinakwaruza zege, halafu ngurumo ya injini, ndo picha ya fundo inaingia. Sauti inatangulia, picha inafuata. Mtu aliyewahi kuvuka pale hahitaji kuambiwa yuko wapi, na ambaye hajawahi ataisikia baridi ya chuma kabla hajaona kitu.

Jumapili nikampelekea shangazi, amechuuza samaki pale Feri miaka mingi. Nikampa hedifoni, akaangalia kimya, akaomba arudie. Akaniambia, "Baba, ndoo hiyo ina nini ndani?" Nikamwambia shangazi haina kitu, si ndo anaenda kununua. "Sasa mbona anaibeba kama imejaa?" Nikaangalia tena, kweli, kwenye shoti ya kushuka lango dada wa watu kainama upande mmoja anaigiza uzito, watu kumi tumeiona vesheni zote na hakuna aliyeliona. Shangazi akasema ndoo tupu asubuhi inaning'inia tu, hata inakupiga goti. Kwenye fundo lakini hakusema kitu, niliona mkono wake umeshuka kiunoni, ukashika pindo lake.

Ile shoti ya ndoo nimeitoa. Nafasi yake nimeweka miguu tu, ndala kati ya ndala nyingi zinashuka lango kwa pamoja, na sauti ya ndoo inagonga goti tuliirekodi upya uani kwetu kwa ndoo ya bibi. Jua nalo limebaki sekunde 2, nyuma ya kichwa cha Zuhura, halina ukali wa fokasi wala nini, mwangaza tu. Jumla sasa ni dakika 1 na sekunde 24.

Kimebaki kitu kimoja. Jina la filamu linatokea fundo linapofunguka, ila bado linawahi, linaingia juu ya sauti ya lango linapotua. Leo usiku nalisogeza fremu 10 mbele, chuma kitulie kwanza.