Kibanio: ng'ombe wenye mimba kubwa hatimaye wamepita

Wamepita! Hata yule mwekundu mwenye mimba ya miezi minane, aliyekuwa akigoma mlangoni kila tukimleta, ameingia kwa mwendo wake kwenye kichochoro cha kibanio, ile njia nyembamba ya kumzuia ng'ombe anapotibiwa, akafikisha shingo kwenye kibano cha mwishoni, akachomwa chanjo ya homa ya mapafu, akavishwa heleni ya utambuzi sikioni na kutoka. Hakuna aliyepigwa fimbo wala kupindwa mkia. Nimefurahi mno, ndiyo maana naandika usiku huu huu.

Kwa wafugaji wenzangu mnaofuatilia kumbukumbu hizi: kibanio hiki nilikikuta hapa shambani, Handeni. Kilijengwa kwa mirunda, kichochoro kina upana wa sentimita 65. Kwa zebu wetu wa kienyeji kinatosha kabisa. Kwa Borani, ng'ombe wa nyama wenye miili mikubwa, na machotara wake wanaovuka kilo 450, tena wakiwa kwenye miezi mitatu ya mwisho, habari ni nyingine. Kichwa kinapita, mabega yanapita, halafu tumbo linagusa mirunda pande zote mbili na mnyama anasimama palepale. Ukimlazimisha anarudi nyuma kwa nguvu, wa nyuma yake anampanda, na hapo ndipo ng'ombe huanguka akakwama akiwa na ndama tumboni.

Tiba rahisi ni kupanua, sivyo? Tulipanua hadi 80. Wenye mimba wakapita vizuri, lakini mitamba, majike wachanga ambao hawajazaa, wakaanza kugeuka ndani. Mtamba aliyegeuka anatazamana uso kwa uso na ng'ombe mzito anayekuja, na katika kichochoro chembamba hakuna hatari inayonitisha kuliko hiyo. Ukirudisha 65, wakubwa wanakwama. Suala hili limeninyima usingizi tangu kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo ilipozinduliwa Bariadi, Juni 2025, kwa sababu tangu hapo nilijua kundi lote litapita humu, wenye mimba na wasio nayo.

Wengi walinishauri nijenge kuta za mlazo, nyembamba chini na pana juu. Kwa dume au maksai ni muundo mzuri. Lakini pigeni hesabu: ukianza na sentimita 40 sakafuni na kufika 85 kwenye kimo cha mita moja na nusu, basi kwenye kimo cha sentimita 80 upana ni 64 tu. Na hapo ndipo tumbo la mimba kubwa lilipotanuka! Nilimpima yule mwekundu kwa fimbo mbili zilizonyooka, moja kila ubavu, nikapata 72. Ukuta wa mlazo ungembana kuliko mirunda ya zamani.

Aliyenifungua macho ni mzee anayetusaidia kuchunga. Alisimama akaangalia kwato, mimi nikiangalia tumbo, akasema, "Mwanangu, ng'ombe akitaka kugeuka huanza na miguu. Mfunge miguu, tumbo mwachie."

Basi nimefanya hivyohivyo. Kuta zimebaki wima kwa upana wa 80, ila chini nimeweka kingo kila upande, kimo cha sentimita 35, zikilala kuelekea ndani mpaka sakafu inabaki na upana wa 45. Tumbo linapita juu ya kingo bila kugusa kitu. Mtamba akijaribu kugeuka, kwato zinakutana na mlazo, hana pa kukanyagia, ananyooka mwenyewe. Nyuma ya mbao nimeshindilia mawe na zege ili kwato isitoboe ikanaswa, na pembe zote za mbao nimezipiga randa zikawa butu.

Mbao ni za mkaratusi. Najua wapo wanaosema mabomba ya chuma ndiyo kila kitu. Chuma kinadumu, sibishi, lakini kinapiga kelele, na ng'ombe mzito akisikia mlio wa geti nyuma yake anaruka mbele hata kama pamejaa. Pale palipobidi kuwa na chuma, yaani kwenye kibano cha shingo na makomeo, nimefunga vipande vya tairi kuukuu. Kelele imekwisha. Pia fungeni kwa bolti badala ya kuchomelea kila kitu. Kinachofunguka kwa spana unaweza kukirekebisha mwenyewe siku ambayo fundi hapatikani.

Jambo moja nawaomba msiliache: upande mmoja wa kichochoro ufunguke. Mimi nimeweka paneli mbili zenye bawaba, komeo liko nje, linachomoka kwa mkono mmoja. Ng'ombe mwenye mimba akilala ndani, uzito wake mwenyewe na wa ndama unamkandamiza, hivyo hakuna muda wa kutafuta nyundo. Na mtu asipitishe mkono katikati ya nguzo wakati mnyama anasogea. Mfupa wa mkono hauna ubavu na kilo 450.

Kuhusu mwendo, tumeacha kusukuma kutoka nyuma. Profesa Temple Grandin wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado amefundisha sana habari ya bega: ukipita kandokando ya ng'ombe kutoka kichwani kuelekea mkiani, ukishavuka bega lake, yeye husogea mbele. Tumejaribu, ni kweli tupu. Tunaingiza wachache kwenye zizi la kusukumia, nusu tu, hatulijazi. Tumefanya kazi asubuhi kabla ya jua kali, na turubai lililokuwa likiangusha kivuli mlangoni nimeling'oa, maana ng'ombe husita akikuta kivuli.

Wiki hii nilipanga kumwaga zege la sakafu lenye mikwaruzo ya kuzuia utelezi. Saruji iko stoo. Lakini nimepata wazo jingine na sitaki lipoe: geti la kuchepusha, linalobembea upande huu na huu, kabla ya mlango wa kichochoro. Tukishapima mimba, wenye mimba wanapakwa rangi mgongoni, na siku ya kuwachoma mitamba prostaglandini, homoni ya kuwaleta kwenye joto ili wapandishwe, yeyote mwenye rangi anachepushwa kwenda malishoni moja kwa moja. Sindano hiyo ikimfikia mwenye mimba, anaitupa. Kwa hiyo pamoja na kupunguza msongamano, geti hili linaokoa ndama. Nguzo ya katikati nimeshaichimbia. Natafuta bawaba nzito isiyolegea, na kama kuna mwenzangu Tanga au Morogoro aliyefunga geti la namna hii la zaidi ya mita mbili, aniambie ametumia bawaba ya aina gani.