Zawadi za Krismasi za watoto: orodha kwanza, soko baadaye

Gunia la mchango wa Krismasi likimwagwa, hutoka magari ya plastiki, midoli, na nguo ambazo hakuna ajuaye zitamtosha nani. Mtoto wa miaka 6 anaruka kwa furaha. Wa miaka 14 anaondoka na peremende mbili mkononi, na huyo ndiye anayetuuma. Chanzo ni kimoja: watu hununua kabla ya kuuliza.

Kabla ya kushuka soko la Kibuye hapa Kisumu Jumapili kuchagua mitumba, mpigie simu msimamizi wa makao ya watoto au kanisa unakopeleka, iwe ni mtaa wa Nyalenda, Manyatta au Obunga. Usiombe majina. Omba mstari mmoja kwa kila mtoto: umri, jinsia, darasa atakaloingia Januari, na urefu wa unyayo. Kwa mfano: 7, msichana, gredi ya 2, sentimita 18. Unyayo hupimwa jioni, maana mguu huvimba kidogo mchana kutwa. Mtoto asimame juu ya karatasi, kisigino kiguse ukuta, uweke alama mbele ya kidole kirefu zaidi. Pima miguu yote miwili uchukue namba kubwa. Ongeza kama sentimita moja ya nafasi. Unyayo wa sentimita 18 huingia kwenye kiatu cha namba 29 hivi. Kiatu cheusi cha shule kinachotosha ni zawadi ambayo mtoto ataivaa hadi muhula wa pili.

Walio chini ya miaka 3 ndio wanaotaka uangalifu mkubwa kuliko wote, kwa sababu kila kitu kwao huishia mdomoni. Chukua kigogo cha ndani cha karatasi ya chooni, kile chenye upana wa sentimita 4 hivi. Kitu chochote, au kipande chochote kinachoweza kung'oka, kikipenya humo, hakiwafai. Shika jicho la tedi kwa vidole viwili, livute huku ukilizungusha. Likilegea hata kidogo, ling'oe lote ushone jicho la uzi mahali pake. Papasa mishono: kama ndani kuna punje za plastiki badala ya pamba, iache. Puto usipeleke kabisa; kipande cha puto lililopasuka hunata kooni na kuziba pumzi. Njugu na peremende ngumu nazo zisiingie kwenye mfuko wa mtoto mdogo.

Halafu kuna betri bapa za mviringo mfano wa sarafu, zilizomo kwenye midoli inayoimba na kadi za muziki. Mtoto akimeza moja ikakwama kwenye umio, inaweza kuchoma nyama ya ndani katika muda usiozidi saa 2. Kama kifuniko cha betri hakijafungwa kwa skrubu, mdoli huo usimfikie mtoto yeyote mdogo. Na ikitokea amemeza, ni hospitali papo hapo, bila kumtapisha. Rangi inayobambuka kwenye midoli ya zamani ni sababu nyingine ya kuikataa, kwani inaweza kuwa na madini ya risasi.

Wadogo hawa wanafurahishwa na vitu rahisi: vikombe vya plastiki vinavyoingiana, mpira laini, kitabu cha kurasa ngumu. Tedi wa mtumba afuliwe kwa sabuni na aanikwe juani hadi pamba ya katikati ikauke, vinginevyo atanuka ukungu kabla ya sikukuu.

Kwa miaka 3 hadi 5, krayoni 8 nene ni bora kuliko 24 nyembamba zinazokatika siku ya kwanza. Miaka 6 hadi 9 wape kamba ya kuruka, vitabu vya hadithi, au fumbo la picha, lakini lipange lote mezani kwanza. Likikosa vipande viwili, mtoto atadhani amekosea yeye.

Mpira wa miguu una saizi: namba 3 kwa walio chini ya miaka 8, namba 4 kwa miaka 8 hadi 12, namba 5 kwa wakubwa. Peleka na pampu na sindano mbili, uwaonyeshe kulowesha sindano kwanza; ikiingia kavu huchana vali, na mpira umekwisha. Miaka 10 hadi 12 hupenda michezo ya kushindana, kama ajua (aina ya bao) au drafti. Ubao wa drafti mtu huuchora kwenye kadibodi, na vizibo 12 vya soda kila upande vinatosha.

Sasa vijana. Msichana wa miaka 13 kwenda juu apate sodo za muhula mzima, si pakiti moja ya kupigia picha. Pakiti 2 za vipande 8 kwa mwezi ni kadirio la haki, yaani 6 kwa miezi mitatu, pamoja na chupi 3 mpya, kwani sodo bila chupi inayokaa vizuri haimsaidii. Mvulana apate nguo mpya za ndani, mafuta ya kujipaka, sabuni, na seti ya jiometri. Nguo za ndani za mtumba asipewe mtoto yeyote.

Vitu vinavyokula betri kwa kasi viache dukani. Vikizima wiki ya pili, hakuna atakayenunua nyingine. Mifuko ya watoto wa rika moja ilingane thamani, kwa sababu watoto hulinganisha usiku huohuo. Usigundishe karatasi ya zawadi. Andika umri juu ya mfuko uuache wazi ili mlezi akague. Watoto wakiwa 40, andaa mifuko 44, na hiyo 4 iwe na vitu vya miaka 5 hadi 10 vinavyofaa wavulana na wasichana, maana wapo watakaofika likizo bila kuwamo kwenye orodha.