Nipe Nambari ya Chesisi Kwanza: Siku Moja Maishani Mwangu Kati ya Vitabu na Vipuri vya Magari ya Kale

Saa moja na nusu asubuhi nilifungua chumba cha vitabu kabla ya kufungua mlango wa mbele, kama nifanyavyo kila siku ya kazi, nikaangalia kipimo cha unyevu kilichotundikwa kando ya rafu. Mshale ulikuwa umesimama karibu na asilimia 50, na hapo ndipo ninapotaka usimame, kwa sababu karatasi ikipata unyevu mwingi huvimba na kuota ukungu, na ikikauka kupita kiasi gundi ya mgongo wa kitabu hupasuka, kurasa zikaanza kuchomoka moja moja. Duka letu huuza vitu vya aina mbili visivyopatana: vitabu vya magari ya kale, ambavyo havitaki mafuta wala mvuke, na vifaa vya magari hayohayo, ambavyo karibu vyote ni mafuta, grisi, rangi na mpira. Ndiyo maana vyumba ni viwili, na katikati pana beseni na sabuni. Atokaye kwenye grisi haingii kwenye vitabu bila kunawa, awe mteja au awe mimi mwenyewe.

Saa mbili niliketi kusoma ujumbe uliokuwa umeingia usiku. Ulikuwa kumi na mmoja, na tisa kati yake haukuweza kujibiwa. Mtu mmoja aliuliza kama tuna sili za breki, yaani mipira inayozuia mafuta yasivuje, za Land Rover ya zamani. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam mwaka 1948. Series II ikafuata mwaka 1958, Series IIA mwaka 1961 na Series III mwaka 1971, na katika kila kundi kuna chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari, fupi na ndefu, injini ya petroli na ya dizeli. Maneno "ya zamani" hayanisaidii kuchagua sili moja kati ya hizo zote. Nilimjibu kwa sentensi ninayoiandika mara nyingi kuliko jina langu: "Tafadhali nipe nambari ya chesisi kwanza, na ya injini pia ikiwa bado inasomeka."

Wapo wanaoudhika kwa jibu hilo, wakidhani ninawasumbua kwa urasimu. Lakini katalogi ya vipuri iliyochapishwa na kiwanda haikuandikwa kwa majina ya mitaani wala kwa mwaka ulioandikwa kwenye kadi ya gari, ambao mara nyingi ni mwaka gari liliposajiliwa na si mwaka lilipoundwa. Iliandikwa kwa nambari: kipuri hiki kinafaa kuanzia chesisi hii hadi chesisi ile, na kuanzia hapo kinatumika kingine, ingawa kwa macho vyote viwili vinafanana kama mapacha. Anayenunua kwa kufananisha hununua mara mbili.

Saa tatu mzigo uliingia. Nilihesabu gasketi, nikalinganisha lebo na karatasi ya oda, nikapanga. Hakuna zaidi la kusema kuhusu saa hiyo.

Saa nne akaingia kijana mmoja aliyebeba begi la spana mpya zinazong'aa na uso uliochoka. Alikuwa amepata MG TC, gari dogo la wazi lililotengenezwa Uingereza kati ya mwaka 1945 na 1949, na kwa kuwa aliambiwa kwamba magari ya Kiingereza ya enzi hizo hutumia vipimo vya Whitworth, vile vya zamani vya Kiingereza vya boliti na spana, alinunua seti nzima ya spana za Whitworth. Spana zilishika vichwa vya boliti za injini vizuri kabisa. Aliponunua boliti mpya za Whitworth kuchukua nafasi ya zile zilizoliwa na kutu, hakuna hata moja iliyoingia kwenye tundu lake.

"Fundi, nimedanganywa spana au nimedanganywa boliti?" aliniuliza.

Nilimjibu kwamba hakudanganywa chochote, ila gari lenyewe ndilo lenye siri. Injini ya TC ina nyuzi za boliti za milimita na vichwa vya kipimo cha Whitworth. Morris, kampuni ambayo injini za MG zilitoka kwake, ilinunua kiwanda cha injini cha Hotchkiss kilichokuwa Coventry mwaka 1923, na kampuni hiyo yenye asili ya Ufaransa ilikuwa na mashine za kukata nyuzi za milimita. Badala ya kutupa mashine nzuri, Waingereza waliendelea kuzitumia, wakaweka juu yake vichwa ambavyo spana za mafundi wa kwao zingevishika. Nilimtolea kitabu cha matengenezo cha modeli hiyo, na pamoja nacho kipimo cha nyuzi, kile kifaa chenye meno kama kitana kidogo kinachogharimu kidogo kuliko boliti alizokwisha kuharibu. Spana zake alirudi nazo nyumbani, kwani zilikuwa sahihi. Nikiri kwamba napenda wateja wa namna hii. Aliyekwama kwa sababu ya kutojua jambo moja tu hufurahi kulijua, na kitabu alichonunua hatakiweka rafuni kama pambo.

Saa sita kasoro robo simu iliita. Alikuwa mama mmoja aliyerithi Citroën DS ya marehemu baba yake, gari lililosimama chini ya turubai kwa miaka mingi, na alitaka lita tano za "mafuta ya breki" ili fundi wake ajaze tangi na kuwasha injini siku ya Jumamosi. Hapo nilivuta kiti nikakaa, nikijua kwamba mazungumzo hayangekuwa mafupi.

Gari hilo lilipoonyeshwa Paris mwezi Oktoba 1955 lilipata maagizo 12,000 siku ya kwanza, na sehemu kubwa ya maajabu yake ilikuwa kwenye mabomba. Kimiminika kimoja kinachosukumwa kwa shinikizo kubwa ndicho kinachoinua bodi, kinachosaidia usukani, kinachofunga breki na, katika modeli nyingi, kinachobadilisha gia. Mwanzoni kimiminika hicho hakikuwa cha asili ya madini, na kile kilichotumika miaka ya katikati ya 1960 kilikuwa chekundu, kiitwacho LHS, chenye tabia ya kunyonya unyevu kutoka hewani na kutia kutu ndani ya mabomba. Kuanzia magari ya msimu wa 1967 kiwanda kikahamia kwenye mafuta ya madini ya rangi ya kijani, LHM, ambayo hayanyonyi maji. Tatizo ni kwamba mpira wa sili zinazovumilia kijani hauvumilii chekundu, na mpira unaovumilia chekundu huvimba na kulainika ukikutana na kijani. Ukikosea, hakuna kinachotokea dakika hiyo. Gari litainuka, utashangilia, na baada ya muda sili zitaanza kuvuja moja baada ya nyingine kuanzia pampu hadi magurudumuni. Mafuta ya breki ya kawaida, yale yenye alama ya DOT 4, nayo hayafai kabisa kwenye mfumo wa kijani.

"Basi niuzie ya kijani, mwanangu," alisema, "maana baba alikuwa akisema ni ya mwaka 1967."

Nilikataa. Si kwa sababu sikumwamini marehemu, bali kwa sababu gari lililouzwa mwaka 1967 laweza kuwa limeundwa mwaka 1966, na magari yaliyopelekwa Marekani yaliendelea na kimiminika chekundu hadi modeli za mwaka 1969. Zaidi ya hayo, wapo waliobadilisha mfumo mzima baadaye. Nilimwomba afanye mambo matatu: apige picha ya kibati cha nambari, achovye kijiti safi kwenye tangi na kukifutia kwenye karatasi nyeupe, kisha asugue kwa kitambaa yale matufe ya chuma yaliyojazwa naitrojeni, ambayo ndiyo springi za gari hilo, kwani vifaa vya mfumo wa kijani vilipakwa rangi ya kijani kiwandani na vya mfumo wa chekundu vilipakwa nyeusi. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia kwamba amezoea maduka yanayouza. Nilimwambia, kwa heshima zote, kwamba siku hiyo ningefurahi zaidi kumuuzia kitabu. Alikubali kitabu, bila furaha.

Saa nane mchana ilikuwa zamu ya ubishi wa mafuta ya injini, ambao hauna siku ya mapumziko. Bwana mmoja mwenye Morris Minor alishikilia kwamba mafuta anayotumia kwenye gari lake jipya ni bora kuliko yoyote yaliyopo rafuni kwangu, na kwa gari lake jipya alikuwa na haki. Lakini injini nyingi za zamani zina tapeti bapa, yaani visukumio vya vali, zinazosuguana na kemu inayozisukuma bila rola katikati, na kinachozilinda ni kiambato chenye zinki na fosforasi. Fosforasi hiyo huharibu vifaa vya kusafisha moshi vilivyomo kwenye magari ya kisasa, hivyo viwango vipya vya mafuta vya gredi nyepesi, kuanzia API SM, daraja la Taasisi ya Petroli ya Marekani la mwaka 2004, viliibana isizidi asilimia 0.08. Nilimwonyesha kopo la mafuta yaliyotengenezwa kwa ajili ya injini za kale, nikamwonyesha pia chupa ndogo za kuongezea zinki, nikamwambia waziwazi kwamba hizo chupa ninaziuza bila kuzipenda, kwa kuwa mtu huzimimina kwa kukisia, na kiambato hicho kikizidi nacho hakina faida. Alichukua kopo. Sina hakika kama alishawishika au alichoka kunisikiliza.

Saa tisa mzee mmoja, fundi mstaafu, alileta masanduku manne ya vitabu vyake. Kazi ya kununua maktaba ya fundi ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayonichelewesha kuliko zote. Katika sanduku la kwanza mlikuwa na miongozo ya Haynes, ule mfululizo ulioanza mwaka 1966 kwa kitabu cha Austin-Healey Sprite na ambao ulijengwa juu ya wazo jepesi: lifungue gari lote, lirudishe, na upige picha kila hatua. Vitabu vya mzee vilikuwa na madoa, na madoa hayo yana habari. Sura ya klachi ilikuwa nyeusi kwa alama za vidole. Sura ya redio ilikuwa safi kana kwamba haijawahi kufunguliwa. Mkusanyaji atakataa kitabu cha namna hiyo, na mimi humwacha akatae, kwa sababu anatafuta karatasi nyeupe na ninazo kwenye rafu nyingine.

Sanduku la tatu lilikuwa na vijitabu vya mwenye gari, vile vilivyokuwa vikiwekwa kwenye kisanduku cha dashibodi siku gari linapouzwa. Hivyo ni adimu kuliko miongozo mikubwa, kwani vilipotea pamoja na magari. Pembeni mwa ukurasa mmoja wa Volkswagen Beetle mzee alikuwa ameandika kwa penseli mpangilio wa kuwaka kwa silinda, 1-4-3-2, na kuuzungushia duara mara tatu.

"Hapo nilikosea nikiwa mwanafunzi," alisema, "nikafunga waya za plagi kwa mpangilio wa gari jingine, 1-3-4-2, nikashinda kutwa nzima nikilaumu kabureta."

Aliuza masanduku matatu na nusu. Kijitabu hicho alikirudisha mfukoni, nami sikumbembeleza.

Saa kumi na nusu ilirudi aibu yangu. Kifurushi cha gasketi za giaboksi ya Jaguar E-Type kilirejeshwa na mteja pamoja na barua yenye adabu kuliko nilivyostahili. Alikuwa ameniambia kwamba gari lake ni la mwaka 1964, nami, katika haraka ya mwisho wa wiki, nikampelekea gasketi za giaboksi ya injini ya lita 3.8. Ila ni mwaka huohuo, mwezi Oktoba, ndipo ilipotoka E-Type ya lita 4.2 yenye giaboksi nyingine kabisa, iliyoingia gia ya kwanza bila kulia. Mimi ninayehubiri nambari ya chesisi tangu asubuhi hadi jioni nilikuwa nimeuza kwa mwaka. Nilimtumia gasketi sahihi kwa gharama yangu, baada ya kumwomba nambari.

Saa kumi na mbili jioni, nikiwa nafunga kitabu cha DS kwa karatasi isiyo na asidi, picha za yule mama zikaingia. Kibati cha nambari kilionyesha gari la msimu wa 1967. Chini ya masizi, matufe yalikuwa ya kijani, bila shaka yoyote. Lakini karatasi nyeupe aliyofutia kijiti ilikuwa na doa la rangi ya zambarau iliyoiva, si la kijani wala la hudhurungi ya mafuta yaliyochakaa. Kuna mtu, miaka mingi iliyopita, aliyejaza tangi hilo kwa kitu kisichokuwa chake.

Nilimpigia palepale. Nilimwambia kwamba marehemu baba yake alikuwa sahihi kuhusu mwaka, na kwamba fundi asiwashe injini Jumamosi wala siku nyingine, mpaka mfumo wote umwagwe, uoshwe na sili zikaguliwe kuanzia kwenye pampu. Safari hii hakunyamaza. Aliniuliza sili ziko ngapi. Nilifungua tena karatasi niliyokwisha kuifunga, nikakitoa kitabu, nikaanza kumsomea orodha kutoka ukurasa wa mchoro wa pampu, naye akiandika.