Siku moja ya mwalimu wa maadili, Kampala

Saa 11 alfajiri. Umeme upo, kwa hiyo nasoma. Mbele yangu kuna pendekezo la utafiti wa dawa, karatasi nene kama mto wa kulalia. Watu hudhani profesa wa falsafa anashinda akibishana kuhusu Plato. Kazi yangu kubwa ni kupekua makaratasi nikitafuta mahali maskini atakapobanwa.

Saa 1 na nusu. Bodaboda hadi Makerere. Wandegeya foleni ni ile ile.

Saa 3. Darasa la maadili ya tiba. Mada ni Ebola ya aina ya Sudan: mlipuko ulitangazwa 30 Januari 2025, na siku 4 baadaye jaribio la chanjo likaanza hapa Kampala. Wanafunzi wanasifu kasi hiyo, na wana haki. Maandalizi yalianza tangu mlipuko wa 2022. Binti mmoja ananyoosha mkono: "Profesa, mtu mwenye hofu ya kufa kesho anaweza kweli kukataa kushiriki?" Darasa linagawanyika, kengele inatukuta bado tunabishana.

Saa 5. Kamati ya maadili ya utafiti. Tuna mjumbe wa kutoka mtaani asiye mwanasayansi, mama anayeuza nguo sokoni, na mimi humsikiliza kuliko madaktari wote. Watafiti wanataka kumlipa mshiriki kila anapohudhuria kliniki. Daktari mmoja analalamika kwamba pesa ni nyingi, zitawavuta watu.

Mama anacheka. "Daktari, nauli kutoka Luweero, kazi ya shamba imelala, mtoto mgongoni. Wewe hapa unapewa posho ya kikao. Umevutwa?"

Hakuna anayemjibu. Nauli na fidia ya muda tunaziacha. Tunachofuta ni bonasi iliyofichwa ukurasa wa nyuma, ya atakayefika hudhurio la mwisho tu. Mshiriki ana haki ya kujitoa wakati wowote. Mwekee donge nono mlangoni uone kama atatoka, hata dawa ikimdhuru.

Saa 8. Matoke, mchuzi wa karanga. Mwepesi mno leo.

Saa 9. Mwanafunzi wa uzamili anaandika kuhusu bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, kilomita 1,443. Amevutiwa na Sheria ya Taifa ya Mazingira ya 2019, ambayo kifungu chake cha 4 kinayapa maumbile haki ya kuwepo. Nami navutiwa, ila namrudisha kwa wenye mashamba. Ibara ya 26 ya Katiba inataka fidia ya haki ilipwe kabla ardhi haijachukuliwa. Wengi mashamba yao yalithaminiwa, kisha wakasubiri malipo kwa miaka.

"Lakini walisaini kukubali fidia, mwalimu," ananiambia.

"Walikuwa na njia gani nyingine?"

Anaandika hilo pembeni. Sura ya tatu itabidi aianze upya.

Saa 3 usiku. Mtafiti mkuu ameshajibu barua ya kamati: je, bonasi ikikatwa nusu itapita? Namwandikia kwamba haipiti, na kwa nini.